Herstal: Pikipiki ya Zamani na Majira ya Baridi

Mto Meuse watoka Ufaransa, wakata vilima vya Ubelgiji, na kabla ya kuingia Uholanzi wapita katika mji wa Liège. Mwendo mfupi kaskazini ya mji huo, ukingoni mwa mto, pana mji mdogo uitwao Herstal. Mgeni afikaye huko mara ya kwanza haoni jambo kubwa la kumshangaza: nyumba za matofali zilizobanana, kuta ndefu za viwanda, reli, na Mfereji wa Albert upitishao mashua za mizigo. Lakini jina la Herstal lilifika kwetu Kongo zamani, nalo lilikuja limechorwa juu ya chuma.

Mwaka 1889 mafundi wa bunduki wa nchi ile waliungana, wakaanzisha hapo kiwanda kikubwa, Fabrique Nationale, yaani Kiwanda cha Taifa, ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000. Tangu hapo herufi FN zimesomwa na watu wengi ulimwenguni, na wazee wetu walizisoma juu ya silaha mikononi mwa askari. Ni wachache wajuao kwamba kiwanda hicho hicho, tangu mwanzo wa karne ya 20 hata katika miaka ya 1960, kilitengeneza pia pikipiki. Mwaka 1905 kilitoa pikipiki ya silinda nne, nayo ilizungusha gurudumu la nyuma kwa fimbo ya chuma, si kwa mkanda wala kwa mnyororo. Katika mji huo huo vilikuwapo viwanda vingine viwili vya pikipiki, Saroléa na Gillet. Basi watu wa huko walizipa pikipiki za viwanda hivyo vitatu jina la mapenzi, wakaziita Mabinti wa Herstal.

Mabinti hao hawazaliwi tena. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vyote vitatu vilikuwa vimeacha kazi hiyo. Wale waliobaki wamezeeka. Hutunzwa katika mabanda nyuma ya nyumba na katika vyumba vya chini, wakipanguswa vumbi na wana na wajukuu wa watu waliowaunda. Na kila mwaka, majani ya miti yanapoanza kuanguka, neno moja huzungumzwa katika nyumba hizo: je, tuilaze pikipiki hata majira ya kuchipua, au tuendelee kuipanda?

SWALI LA KILA MWAKA

Msomaji wa Kivu au wa Katanga aweza kucheka: kuna shida gani hapo? Wakazi wa Lubumbashi wajua baridi ya mwezi wa Juni na wa Julai, wakati mtu atokapo asubuhi amejifunika koti, lakini ifikapo saa sita jua limekwisha kumvua. Baridi ya Ubelgiji ni nyingine. Mwishoni mwa Desemba mchana wa Liège ni wa saa nane hivi tu, na jua huchwa kabla ya saa kumi na moja ya alasiri. Siku nyingi halionekani kabisa. Mvua ni nyembamba, nayo haikomi. Usiku ile mvua iliyobaki barabarani hugeuka barafu. Hali hiyo yaweza kuanza Novemba ikaendelea hata Machi.

Tulifika Herstal katika juma la mwisho la Oktoba, tukapokewa na familia iliyo na mmoja wa Mabinti hao. Ni FN ya aina ya XIII, aina iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya kwanza baada ya vita kuu ya pili. Mbele haina springi za chuma kama pikipiki nyingine. Gurudumu lake hubebwa na vipande vya mpira. Baba yake mwenye nyumba aliinunua alipokuwa akifanya kazi kiwandani, akaenda nayo kazini miaka mingi, mvua na jua. Sasa mwenye nyumba mwenyewe ni mzee wa miaka 78. Anaye mjukuu wa miaka 23, fundi wa umeme, ambaye ndiye aipandaye siku hizi.

Jioni ya kwanza, tulipokuwa mezani, kijana alianza maneno.

"Babu," alisema, "mwaka huu tusiilaze. Mashine isiyotembea hufa. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo."

"Nilikufundisha pia kusoma kipimajoto," mzee akajibu, akaendelea kukata mkate.

Mama wa kijana, binti wa mzee, hakusema kitu. Tulimwona akiinuka kwenda jikoni, ingawa hakuna aliyeomba chochote.

MAADUI WATATU

Siku zilizofuata tulimwuliza mzee habari za jambo hilo, naye akatueleza kwa utaratibu kama mwalimu mwenzetu. Kwao mgeni hamwiti mtu mzima Baba kama tufanyavyo sisi. Basi alituita Bwana Mwalimu, nasi tukamwita Bwana, ingawa ulimi wetu ulitaka kusema Baba kila mara.

Adui wa kwanza, alisema, ni barafu isiyoonekana. Theluji huonekana, ni nyeupe, na mtu mwenye akili hupunguza mwendo. Lakini maji machache yaliyoganda juu ya lami hayana rangi. Barabara huonekana kuwa imelowa tu. Mahali pa hatari kupita pote ni madaraja. Barabara iliyo juu ya ardhi hupata joto kidogo kutoka chini, lakini daraja hupulizwa na baridi juu na chini, hivyo hutangulia kuganda. Mwenye motokaa akiteleza ana magurudumu manne ya kumshika. Mwenye pikipiki akiteleza yuko chini kabla hajajua.

Adui wa pili ni chumvi. Ili barafu isishike, magari ya serikali humwaga chumvi barabarani, kwa kuwa maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Dawa hiyo huwaokoa watu, lakini hula chuma. Maji ya chumvi hurushwa na tairi, yakaingia katika kila tundu na chini ya kila parafujo, na kutu huenda mbio kuliko ilivyo desturi yake. Pikipiki mpya imepakwa madawa mengi ya kuikinga. Ya zamani ina rangi tu na imani ya mwenyewe. Na sehemu ikiharibika, hakuna duka la kuiuzia; yatafutwa kwa wenye pikipiki kama hiyo, au yachongwa upya na fundi kwa gharama kubwa.

Adui wa tatu ni baridi ya mwili. Hewa ikiwa kwenye nyuzi sifuri, na upepo ukimpiga mtu kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi huona baridi kama ya nyuzi 8 chini ya sifuri. Vidole hufa ganzi, na vidole ndivyo vishikavyo breki. Tena tairi lenyewe hukazana kwa baridi, halishiki barabara vizuri. Na vile vipande vya mpira vilivyo mbele ya FN navyo huwa vigumu, hivyo kila shimo la barabarani hufika moja kwa moja mikononi.

"Basi, Bwana Mwalimu," alimalizia, "hesabu mwenyewe. Barafu hutaka mtu, chumvi hutaka mashine, na baridi huwasaidia wote wawili."

WALE WASIOLAZA

Haki yataka tusikilize na upande wa pili. Kijana hakuwa na maneno matupu. Alituambia kwamba pikipiki hizi hazikuundwa kwa kutazamwa. Katika miaka ile motokaa ilikuwa mali ya wachache. Wafanyakazi wengi walipanda pikipiki kwenda viwandani na migodini, na baridi haikuwapa ruhusa ya kukaa nyumbani. Babu wa mama yake alipita katika theluji juu ya FN hii hii. Kwa nini mjukuu afanye woga juu ya mashine ambayo wazee waliipanda bila kuuliza?

Tena, alisema, wako watu hata leo wasioogopa majira ya baridi. Huko Ujerumani kuna mkutano wa wapanda pikipiki uitwao Mkutano wa Tembo. Ulianza mwaka 1956 karibu na Stuttgart, kwa mwito wa mwandishi wa magazeti aitwaye Ernst Leverkus. Aliwaita wenye pikipiki nzito ya Zündapp KS 601, iliyopewa jina la Tembo wa Kijani, wakutane nje wakati wa baridi kali. Walikuja watu wachache. Baadaye mkutano ulikua, ukafanywa miaka mingi kwenye uwanja wa mashindano wa Nürburgring, na tangu 1989 hufanywa katika Msitu wa Bavaria, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Maelfu ya watu hulala katika mahema juu ya theluji, wakaota moto na kupika nje. Kutoka Liège hata huko ni zaidi ya kilometa 650. Kijana alitaka kwenda, tena kwa FN ya babu wa mama yake.

Tulimwuliza mzee kama maneno hayo ni ya kweli. Akasema ni ya kweli yote.

"Baba yangu aliipanda katika theluji," alisema. "Lakini alikuwa na watoto wanne wa kulisha, na kengele ya kiwanda ilipigwa saa moja. Alipofika nyumbani aliiosha kabla ya kujiosha mwenyewe. Na kitu kikivunjika, alikipata kiwandani kesho yake. Mjukuu wangu hana kengele imwitayo, wala hana kiwanda."

Tuliona hapo kwamba hawakuwa wakishindana juu ya ushujaa. Walikuwa wakishindana juu ya haja.

BARABARA YA JUU

Jumapili ya kwanza ya Novemba, baada ya Misa, kukakubaliwa safari moja ya mwisho hadi Hautes Fagnes, yaani Vinamasi vya Juu, ili kijana ajionee mwenyewe. Yeye alipanda FN. Mama yake aliendesha motokaa nyuma yake, mzee na sisi tukiwa ndani.

Hautes Fagnes ni uwanda wa juu mashariki ya Ubelgiji. Si mlima wenye ncha. Ni nyika pana ya majani makavu, matope meusi na maji yasiyokwenda, na juu yake ukungu hulala siku nyingi. Hapo ndipo mahali pa juu kupita pote katika Ubelgiji, panaitwa Signal de Botrange, urefu wa meta 694 juu ya bahari. Wenyeji hawakuridhika na hesabu hiyo. Mwaka 1923 walijenga kilima kidogo chenye ngazi, ili apandaye asimame kwenye meta 700 kamili. Sisi tuliozaliwa karibu na milima ya Kivu tulitabasamu kidogo, lakini kabla ya jioni tulikuwa tumeacha kutabasamu.

Njia yapita Verviers, kisha Jalhay, na kutoka hapo yapanda msituni. Tulipotoka Herstal kipimajoto cha motokaa kilionyesha nyuzi 5, na barabara ilikuwa imelowa tu. Lakini joto hupungua kadiri mtu apandavyo, karibu nyuzi 6 kwa kila meta 1,000. Mtu atokaye Uvira ziwani kwenda Bukavu ajua jambo hilo, maana huanza safari akitokwa jasho akamaliza akitafuta sweta. Kutoka mto Meuse hata Vinamasi vya Juu ni meta 600 hivi za kupanda. Basi nyuzi 5 za chini ni karibu nyuzi 1 huko juu, na pale upepo upitapo ni sifuri.

Katika mwendo huo ndipo mama wa kijana alipotufungulia moyo, macho yake yasiondoke kwenye taa nyekundu ya pikipiki iliyokuwa mbele yetu. Alisema kwamba alikuwa na ndugu mdogo. Asubuhi moja ya Novemba, miaka mingi iliyopita, ndugu huyo alitoka na FN hii hii. Hakutumwa na mtu, wala hakuwa na kazi ya kwenda kufanya. Wenzake walimwambia kwamba hataweza, naye akataka kuwaonyesha. Aliteleza juu ya daraja. Hakufa, Mungu ashukuriwe, lakini mguu wake wa kushoto haukunyoka tena, na kazi ya ufundi aliyokuwa ameanza kujifunza aliiacha. Pikipiki ilitengenezwa baada ya miezi miwili.

"Kila mwaka mimi huhesabu siku," alisema, "hata niione imefunikwa kitambaa."

Mzee alikuwa akitazama dirishani. Hakuongeza neno.

Tulipofika mahali paitwapo Baraque Michel, penye meta 674, tulikutana na gari la chumvi likishuka. Kijana alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akashuka, akavua glovu, akainama, akagusa lami kwa kiganja chake. Kisha akajipangusa mkono kwenye suruali, akatungoja.

Hapo pana kanisa dogo lililojengwa karibu na mwaka 1830, liitwalo kanisa la Fischbach. Zamani usiku taa iliwashwa katika mnara wake, na wakati wa ukungu kengele ilipigwa, ili msafiri aliyepotea vinamasini ajue pa kuelekea. Waliojenga hawakumwuliza msafiri kwanza kama alikuwa mwerevu au mpumbavu kutoka siku kama hiyo. Waliwasha taa kwa wote.

Toka hapo tulikwenda kwa miguu hata mahali pa msalaba uitwao Msalaba wa Wachumba. Mwezi wa Januari 1871 kijana mmoja, François Reiff, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ujenzi wa bwawa la Gileppe, aliondoka Jalhay pamoja na mchumba wake Marie Solheid. Walikuwa wakienda Xhoffraix, kijiji cha nyumbani kwao Marie, kuleta karatasi za ndoa. Siku zile kijiji hicho kilikuwa upande wa Prussia, na njia ilipita katika vinamasi hivi. Theluji iliwakuta njiani. Miili yao ilionekana mwezi wa Machi, theluji ilipoyeyuka, nayo ilikuwa mbalimbali. Msichana alikuwa na kikaratasi ambacho mchumba wake aliandika kwamba Marie amekufa na kwamba yeye naye yu karibu kufa. Msalaba wasimama pale Marie alipoonekana.

Tulisimama kimya, upepo ukitupiga masikioni. Mzee ndiye aliyesema kwanza, akimwelekea mjukuu wake:

"Hawa walikuwa na sababu njema kuliko yako na yangu. Na theluji haikuwauliza sababu."

"Nimeelewa, Babu," kijana akasema. "Tushuke kabla haijaganda."

Alishuka polepole, miguu yake ikiwa karibu kugusa chini kwenye kila daraja, nasi nyuma yake. Mama yake alilegeza mikono juu ya usukani tulipoziona taa za Verviers.

NAMNA YA KUILAZA

Siku ya pili yake, baada ya kazi, mzee na mjukuu waliingia bandani. Twaandika walivyofanya, kwa sababu wako wasomaji wetu wenye pikipiki, au jenereta, au mashine ya kusaga, ambazo hukaa miezi bila kufanya kazi. Kanuni ni zile zile.

Kwanza waliiosha kwa maji matupu ya vuguvugu, ili chembe ya chumvi isibaki, wakaikausha vizuri. Kisha waliiwasha hata injini ikapata moto, wakamwaga mafuta ya injini yakiwa yangali na joto, maana hapo hutoka na uchafu wake wote. Mafuta yaliyotumika huwa na asidi, na yakikaa miezi ndani ya injini hula sehemu zake. Basi mapya hutiwa kabla ya kulala, si baada ya kuamka.

Halafu petroli. Tangki la chuma likiachwa nusu, hewa iliyo ndani hutoa unyevu, na unyevu huleta kutu. Kwa hiyo walilijaza hata juu. Lakini walichagua petroli yenye spiriti kidogo. Tangu 2017 petroli ya kawaida ya Ubelgiji huweza kuwa na spiriti hadi sehemu 10 kwa 100, na spiriti hunyonya maji na kuharibu mipira ya zamani. Kisha walifunga bomba la petroli, wakaiacha injini ife yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Petroli iliyosahauliwa humo hukauka ikawa kama gundi.

Walifungua plagi, wakatia ndani ya silinda kijiko kimoja cha mafuta safi, wakaizungusha injini kwa mguu taratibu, wakaiacha mahali ambapo vali zote zimefungwa, ili unyevu usipate mlango. Betri waliitoa, wakaiweka ndani ya nyumba, nayo hutiwa umeme mara moja kwa mwezi. Pikipiki iliinuliwa juu ya magogo, ili matairi yasibebe uzito mahali pamoja miezi minne. Mnyororo na nyaya zikapakwa grisi, kiti cha ngozi kikapakwa mafuta yake. Bomba la moshi likazibwa kwa kitambaa kwa ajili ya panya, na kwenye kitambaa ukafungwa utepe mwekundu, ili mtu asije akasahau kukitoa. Juu ya yote wakatandaza shuka kuukuu la pamba. Nailoni hawaitaki, maana hushika unyevu ndani.

Kijana aliuliza kama si vema kuiwasha dakika tano kila Jumamosi. Mzee akakataa. Injini ikichomwa muda mfupi, moshi wake hutoa maji, na maji hayo hayapati joto la kutosha kuyakausha. Hubaki katika injini na katika bomba. Afadhali usingizi kamili kuliko kuamshwa bila kuondoka.

Mwishoni mzee alileta daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Ndani yake, tangu siku za baba yake, imeandikwa kila mwaka tarehe ya kulazwa na hesabu ya kilometa. Miaka mingine haina tarehe, nayo ni miaka ile ambayo baba yake hakuilaza. Mzee hakuandika. Alimpa mjukuu wake kalamu. Kijana akaandika tarehe, akaandika kilometa, akafunga daftari, akalirudisha juu ya rafu. Habari za Mkutano wa Tembo hakuziacha; alisema ataweka fedha akiba anunue pikipiki ya siku hizi yenye kigari cha pembeni, kwa kuwa magurudumu matatu hayaanguki upesi juu ya barafu. Mama yake alimwambia kwamba hilo watalizungumza mwaka ujao. Hakusema hapana.

NA KWETU?

Kwetu hakuna theluji, wala magari ya chumvi. Lakini kuna masika, na kuna udongo mwekundu ambao baada ya mvua huteleza kama sabuni. Wenye pikipiki za abiria katika miji yetu hawana uwezo wa kuzilaza miezi minne. Watoto watakula nini? Wao ni kama yule baba aliyeitwa na kengele ya kiwanda. Hatuna neno la kuwalaumu, ila kuwaomba waioshe mashine jioni, waangalie breki asubuhi, na wasimpakie mtu wa tatu.

Lakini si kila safari ya mvua ni safari ya mkate. Nyingine ni za kuonyesha wenzetu. Nyingine ni za kurudi usiku kutoka arusini, wakati wenyeji wametuandalia mahali pa kulala. Nyingine ni za karatasi ambayo ingengoja kesho. Wazee wetu walisema, Kawia ufike, nao hawakuwa wamepanda pikipiki.

Basi kabla ya kuwasha mashine siku ya hatari, mtu na ajiulize mambo matatu. Je, safari hii yahitajika leo? Je, barabara ikoje kule mbele, si hapa tu niliposimama? Na nikianguka, ni nani atakayelipa pamoja nami? Ajibuye hayo kwa kweli, akaenda kwa sababu imempasa, hatutamwita mpumbavu. Na akikaa nyumbani, akafunika pikipiki yake na kungoja, mtu asimwite mwoga.